Nafasi ya Pili, Meza ya Nne

Ijumaa saa sita na robo mchana, Kapteni Maryse Gonnard alivuta kiti cha dirishani kwenye meza ya nne ya mgahawa wa Verchère, akakikalia. Siku mbili kabla, Bertrand Thévenet alikuwa amekalia kiti hichohicho. Alikunywa vijiko vitatu vya supu ya maboga, akaweka kijiko chini, akajishika shingo kwa mikono miwili, na kabla gari la wagonjwa halijavuka daraja la mto Saône, alikuwa amekata roho kwenye zulia.

"Mimi nikae wapi, Afande?" aliuliza Luteni Yannick Perrachon.

"Ukutani. Leo wewe ni Lucien Dastier."

"Shemeji wa marehemu? Basi nitakula kishemeji."

"Utakula kipolisi. Keti, na usiguse kitu mpaka nikwambie."

Perrachon aliketi, akajaribu kuficha magoti yake marefu chini ya kitambaa cha meza. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na chakula chake cha mchana cha kila siku kilikuwa mkate wenye nyama baridi, anaoula akiwa amesimama. "Mke wangu akisikia nimekula kwa Verchère, tena kazini, leo nitalala kwenye ngazi," alisema.

Ukumbi ulikuwa na meza kumi na nne, na kumi na tatu kati yake zilikuwa tupu. Mgahawa ulikuwa umefungwa kwa amri ya polisi tangu Jumatano. Nje, ukungu wa Novemba ulikuwa umeumeza mto, na upande wa pili wa Lyon ulionekana nusunusu. Maryse alikuwa ameomba jambo moja tu kwa mwenye mgahawa, mpishi mkuu Étienne Verchère: kila kitu kirudiwe kama kilivyokuwa Jumatano saa ile. Meza ileile, vyombo vilevile, chakula kilekile, wahudumu walewale. Verchère alikubali shingo upande, akajifungia ofisini na wakili wake.

Aliyekosekana alikuwa mmoja tu. Ghislaine Moulinier, mpishi wa supu na michuzi, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, ambaye ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza katika jiko la Verchère, alikuwa mahabusu.

Maryse alilifungua faili juu ya magoti yake. Mwili wa Thévenet haukupatana na lozi tangu utotoni, na kila mtu katika mgahawa huu alilijua hilo. Supu ya maboga ya Verchère huletwa kwa hatua mbili. Kwanza linakuja bakuli lenye malai nyeupe chini yake, kisha mhudumu anamimina supu ya moto juu, mbele ya mgeni. Malai hiyo hutengenezwa kwa lozi. Kwa mgeni asiyekula lozi, hutengenezwa kwa koliflawa, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Maabara ilikuwa imeshajibu: bakuli la dirishani lilikuwa na lozi, bakuli la ukutani lilikuwa na koliflawa.

Karatasi ya oda iliyokutwa jikoni ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Iliandikwa kwa herufi ndogo nadhifu: *M4. 2 bila lozi.* Meza ya nne, watu wawili, bila lozi. Na Ghislaine alikuwa amesema kwa kinywa chake mwenyewe: "Nilitengeneza bakuli moja lenye lozi na moja lisilo na lozi." Sentensi hiyo ilikuwa imepigiwa mstari mwekundu. Chini yake paliandikwa kwamba mwezi Septemba mpishi huyohuyo alimpelekea mama mmoja mchuzi wa haradali aliyokatazwa na daktari, na mama huyo akalala hospitali usiku mmoja.

Asubuhi hiyo mwendesha mashtaka alikuwa ameongea na Maryse kwenye simu kwa dakika moja. "Ukiniletea jipya kabla ya saa kumi na moja, nitakusikiliza. Usiponiletea, namfungulia huyo mpishi mashtaka ya kuua bila kukusudia. Kosa la pili katika miezi mitatu, Kapteni. Unataka nini zaidi?"

Mlango wa jikoni ulifunguka. Msimamizi wa ukumbi, Armand Falconnet, aliingia akitembea kana kwamba meza zote zimejaa. Alikuwa mzee wa miaka sitini na mitatu, na nywele zake zilikuwa zimechanwa kwa maji.

"Karibuni, Madame. Karibu, Bwana." Aliweka mbele yao kisahani cha mikate myembamba yenye jibini ya mbuzi, akawaeleza chakula cha siku ile, akasikiliza, akaandika kwenye kijitabu, akachana karatasi.

"Naomba niione," alisema Maryse.

Falconnet alisita, kisha akampa. *M4. 2 bila lozi.* Maryse aliilaza kando ya ile ya kwenye plastiki. Zilifanana hadi nukta.

"Hii inasema watu wawili, wote wasipewe lozi?"

Falconnet alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba Saône unapita Paris. "Watu wawili? Hapana, Madame. Nafasi ya pili."

"Nafasi ipi?"

"Kila kiti kina namba. Tunaanzia dirishani, tunakwenda kama mshale wa saa. Wewe umekaa nafasi ya kwanza. Bwana hapo ukutani yuko nafasi ya pili. Jikoni wanaandaa kwa namba, mhudumu anapeleka kwa namba. Karatasi hiyo inasema: meza ya nne, anayekaa nafasi ya pili asipewe lozi."

Perrachon aliurudisha mkate aliokuwa ameshauinua.

"Kwa hiyo bakuli moja lilitakiwa liwe na lozi," alisema Maryse.

"La nafasi ya kwanza, bila shaka. Mgeni wa pili hakuwa na katazo lolote. Kwa nini anyimwe?"

"Jumatano uliulizwa kuhusu karatasi hii?"

"Niliulizwa kama nililiarifu jiko kuhusu lozi. Nikajibu ndiyo, kwa maandishi. Halafu wakili wa Bwana Verchère akatuambia tusiongeze neno lolote tusiloulizwa." Mzee alinyoosha mkunjo wa kitambaa ambao haukuwepo. "Mimi nimezoea kufuata maelekezo, Madame."

Maryse alimgeukia Perrachon. Luteni alikuwa amewiva masikio.

"Mstari mwekundu ni wangu," alisema Perrachon kwa sauti ya chini. "Aliniambia, 'Moja lenye lozi, moja lisilo na lozi, kama karatasi inavyosema.' Nikamwambia karatasi inasema yote mawili yasiwe na lozi. Akanitazama tu. Tangu hapo hakufungua mdomo tena. Nikadhani amekiri."

"Na hayo maneno 'kama karatasi inavyosema' yako wapi kwenye maelezo?"

"Sikuyaandika, Afande."

Maryse alimrudia Falconnet. "Wageni wanazijua hizi namba?"

"Hata kidogo. Namba ni za wafanyakazi."

"Na mhudumu akileta sahani, haulizi ni ya nani?"

"Katika nyumba hii?" Falconnet alivuta pumzi. "Kumuuliza mgeni 'supu hii ni ya nani' ni kumwambia kwamba hukumsikiliza alipokuwa akisema. Miaka thelathini sijamruhusu mtu kuuliza."

"Sawa. Sasa niambie, Bwana Thévenet ulimkalisha wapi?"

"Ukutani, kama kawaida yake. Alipenda kuuona mlango."

"Alikufa akiwa anakula dirishani."

Falconnet alikitazama kiti cha Maryse, kisha cha Perrachon. "Nilichukua oda nikapanda juu," alisema polepole. "Kulikuwa na watu wa sherehe ya ndoa kwenye chumba cha juu. Niliposikia kelele nikashuka, nikamkuta amelazwa katikati ya ukumbi, daktari mmoja kati ya wageni wetu akimfungua shati. Sikumwona akiwa kitini. Nikadhani... sikudhani kitu, Madame. Nilikuwa natafuta sindano yake."

Habari za sindano hiyo zilikuwamo pia kwenye faili. Thévenet alikuwa na sindano ya dharura, nayo ilikuwa ndani ya koti lake la baridi, chumba cha makoti. Dastier alikuwa amekimbia kulichukua, akarudi na koti lake mwenyewe. Lilipoletwa la Thévenet, dakika sita zilikuwa zimepita. Mashahidi wanne walisema shemeji mtu alikuwa amechanganyikiwa, na kila mmoja alimwonea huruma.

Lakini Dastier alikuwa amesema jambo jingine pia. Maryse aligeuza hadi ukurasa wa tatu wa maelezo yake, ukurasa wenye sahihi chini: *Tangu tulipokaribishwa, Bertrand alikaa dirishani nami nikakaa ukutani. Hatukuhama.*

"Mmoja kati yenu wawili amekosea," alimwambia Falconnet.

"Si mimi."

"Unalo la kunionyesha, au ni kumbukumbu tu?"

Hapo Perrachon akaguna. Alikuwa akinyoosha mkono kuchukua maji, na glasi haikuwa mahali alipoitarajia. "Samahani, Mzee, lakini tangu nikae hapa vyombo vyangu vimekaa kinyume. Kisu kiko kushoto, glasi iko kushoto. Nimefanya kosa gani?"

"Hujafanya kosa, Bwana. Madame aliagiza kila kitu kiwe kama Jumatano. Bwana Thévenet alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Mgeni wetu wa mara kwa mara akiwa hivyo, tunamgeuzia vyombo kabla hajafika, asipate taabu ya kuvigeuza mwenyewe mbele za watu."

Maryse alikuwa ameshazitoa picha. Zilipigwa na fundi wa polisi saa nane mchana wa Jumatano, kabla chombo chochote hakijaondolewa. Upande wa ukutani, kisu na glasi vilikuwa kushoto. Upande wa dirishani vilikuwa kulia, ila kijiko kilichokuwa na supu kilikuwa kimelazwa upande wa kushoto wa bakuli, kama kinavyolazwa na mtu anayetumia mkono wa kushoto. Picha hizo zilikuwa zimekaa mezani kwake siku mbili. Alikuwa amezitazama akitafuta lozi.

"Dastier alitia sahihi mbele yako," alimwambia Perrachon. "Kwa mkono gani?"

Perrachon alifumba macho kidogo. "Wa kulia. Saa iko mkono wa kushoto, kalamu kulia."

"Basi walibadilishana viti. Baada ya oda kuchukuliwa, kabla supu haijaletwa, Falconnet akiwa juu." Alifunga faili. "Mzee, tuletee supu. Na aletaye awe yule wa Jumatano."

Mhudumu huyo aliitwa Aurélien Cottin, mwanamume wa miaka thelathini na minne, mpana wa mabega, ambaye kwenye maelezo yake alikuwa ameandikiwa mistari mitano tu. Alitokea jikoni na bakuli kila mkono. La mkono wa kulia aliliweka dirishani, la kushoto akaliweka ukutani. Kisha akachukua jagi, akaanza kumimina. Supu ya rangi ya machungwa ikaifunika malai ya Maryse. Kwa Perrachon, mdomo wa jagi uligonga ukingo wa bakuli mara mbili, na matone matatu yakaangukia kitambaa.

Falconnet alifumba macho.

"Weka jagi chini, Bwana Cottin," alisema Maryse. "Mikono yako ina nini?"

"Hakuna kitu, Madame."

"Jumatano ilitetemeka?"

"Hapana. Jumatano ilikuwa salama. Ndiyo maana..." Alikata maneno.

"Ndiyo maana nini?"

Cottin alimtazama msimamizi wake, kisha sakafu. "La kulia ni la kwanza, la kushoto ni la pili. Ndivyo ninavyobeba siku zote. Lakini yule bwana alipoanguka, watu wakawa wanasema lozi, lozi, nikajiambia nimechanganya mikono. Hakuna maelezo mengine. Jikoni walinipa sawa, nikachanganya mimi."

"Na ulipoona Ghislaine anachukuliwa?"

"Nikanyamaza."

"Siku mbili?"

"Siku mbili." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nina watoto wawili, Madame. Sisemi kwamba hiyo ni sababu."

"Hukuchanganya mikono," alisema Maryse. "Maabara imekuta lozi kwenye bakuli la kwanza na koliflawa kwenye la pili, kama ilivyoandikwa. Ulifanya kazi yako vizuri. Baya ulilolifanya ni jingine, na hilo si langu kulihukumu."

Maryse alimwacha apumue, kisha akamsukumia picha ndogo. Ilikuwa ya Lucien Dastier, iliyotolewa kwenye kitambulisho chake.

"Unamjua?"

"Ni yule aliyekuja na marehemu."

"Uliwahi kumwona kabla ya hapo?"

"Wiki moja kabla. Alikula mchana peke yake, meza hiihii, aliiomba mwenyewe. Aliuliza chini ya bakuli kuna nini. Nikamwambia ni lozi. Akauliza, 'Na asiyekula lozi mnamfanyaje?' Nikamweleza habari ya koliflawa. Akacheka, akasema, 'Kwa hiyo hata mwenyewe hawezi kujua.' Nikamwambia hawezi, tumehakikisha asijione tofauti na wenzake." Cottin aliirudisha picha. "Nilikuwa najivunia jibu hilo."

Falconnet aliondoka bila kuagizwa, akarudi na daftari la wageni, kidole chake kikiwa tayari kwenye ukurasa. Jumatano ya wiki iliyotangulia. Dastier, mtu mmoja, meza ya nne.

Maryse aliionja supu yake mara moja, kwa sababu ilikuwa mbele yake. Kisha akatazama saa. "Luteni, mpigie simu Bwana Dastier. Mwambie tunamwomba atusaidie kuthibitisha mahali alipokaa. Tumia adabu yako yote."

"Anayo adabu ya kutosha?" aliuliza Falconnet.

"Ataazima kwako."

Dastier alifika saa nane na nusu, akiwa na tai nyeusi na koti ambalo alikataa kulivua. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Kiwanda cha kufuma hariri cha familia ya Thévenet, kule juu mlimani Croix-Rousse, kilikuwa kimempokea tangu siku alipomwoa dada wa Bertrand, na kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyekuwa akisafiri kutafuta wanunuzi huku Bertrand akibaki ofisini. Alimpa Maryse mkono, akamwinamishia Perrachon kichwa.

"Ni siku ngumu kwangu, Kapteni. Mazishi ni kesho."

"Sitakuchelewesha. Naomba ukae pale ulipokuwa umekaa."

Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaketi. Vyombo vilikuwa vimeondolewa, na mbele yake hapakuwa na kitu isipokuwa kitambaa cheupe. Falconnet alianza kumimina kahawa.

"Ni hapo tangu mwanzo?" aliuliza Maryse.

"Tangu mwanzo."

"Hamkuhama hata kidogo? Pengine baridi ya dirishani, au mwanga?"

"Nimeshayasema haya, yameandikwa. Hatukuhama. Bertrand alikuwa wa kwanza, mimi wa pili, mpaka alipoanguka."

Kahawa iliacha kumiminika. Falconnet alibaki ameinama na birika mkononi.

"Wa kwanza ni wapi?" aliuliza Maryse kwa sauti ileile.

"Dirishani." Dastier alimtazama yeye, kisha msimamizi, kisha kikombe kilichojaa nusu.

"Nani alikuambia?"

"Ni kawaida. Huhesabiwa kuanzia dirishani."

"Huhesabiwa na nani, Bwana Dastier? Mimi nimekula migahawani maisha yangu yote, na nimelijua hilo leo saa saba."

Dastier alikunja mikono. "Nikiwa mwanafunzi nilifanya kazi ya kuhudumu, misimu mitatu, huko Vichy. Si siri. Si kosa."

"Si kosa. Wiki iliyopita ulikula hapa peke yako, ukaulizia malai. Hilo nalo si kosa. Ulikwenda kuchukua koti la shemeji yako ukarudi na lako, na watu wakakuhurumia. Mtu anaweza kuchanganyikiwa." Maryse aliilaza picha mezani, akaigeuza imwelekee. "Ila hiki kisu sijui nikifanyeje. Kiko kushoto. Hapo ulipokaa ndipo palipoandaliwa kwa ajili ya Bertrand. Kama angekuwa ameomba mwenyewe mbadilishane, ungetuambia siku ileile, ingekuwa bahati mbaya tu. Wewe umetia sahihi kwamba hamkuhama."

Dastier aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nilimwambia nina sikio bovu upande huu," alisema hatimaye. "Akahama papo hapo. Alikuwa na adabu, Bertrand. Adabu hakukosa kamwe."

"Bwana Dastier, kuanzia sasa una haki ya wakili."

"Najua." Alikisogeza kikombe kando. "Alinileta hapa kuniambia kwamba binti yake ndiye atakayeongoza kiwanda kuanzia Januari. Nilikuwa nimeshazisikia habari hizo kwa katibu wake, wiki tatu kabla. Unajua alinifanyia nini Jumatano? Msimamizi alipokuja, Bertrand aliniagizia. Hakuniuliza. 'Shemeji yangu atakula supu, kisha njiwa.' Miaka thelathini ananiagizia chakula." Alisimama, akalifunga vifungo koti lake. "Nitamngojea wakili wangu kituoni."

Perrachon alimsomea haki zake mlangoni, neno kwa neno, bila kuruka hata moja.

Saa kumi kasorobo Maryse alizungumza na mwendesha mashtaka. Safari hii mazungumzo yalichukua dakika ishirini. Saa kumi na moja na robo, Ghislaine Moulinier alitia sahihi ya kurudishiwa mkanda wake, kamba za viatu na saa. Perrachon alikuwa amesimama mbele yake muda wote huo.

"Mama, maneno yako sikuyaandika yote," alimwambia. "Ningeyaandika, ungelala kwako."

Ghislaine alikuwa mfupi, na mikononi alikuwa na makovu ya moto ya zamani. Alipitisha kamba kwenye viatu kabla ya kujibu. "Nikasema nimweleze tena huyu kijana? Nikaona umeshafunga kalamu." Akasimama. "Nipelekeni Verchère. Nina vitu vyangu."

Amri ya kufungua mgahawa ilikuwa imetangulia. Walipoingia kwa mlango wa jikoni, moto ulikuwa umeshawashwa, na watu tisa waliacha walichokuwa wakifanya. Étienne Verchère alitoka ofisini mikono imefunguliwa.

"Ghislaine! Mungu wangu. Haya, vaa, usiku huu tuna wageni thelathini na wanane, na mchuzi wa njiwa haujaguswa."

Ghislaine alipita kando yake hadi kwenye droo iliyo chini ya meza yake ya kazi. Alitoa kitambaa kinene, akakitandaza, akaanza kupanga visu.

"Nani alikuja kuniona?" aliuliza bila kugeuka.

"Wakili alishauri kwamba..."

"Étienne. Sikuulizia wakili."

Cottin, aliyekuwa karibu na mlango wa ukumbi, alivua koti lake jeupe la kazi, akasogea hadi mbele yake.

"Mimi nilidhani ni mimi niliyechanganya," alisema. "Tangu Jumatano. Nilijua umeshikwa, na nikanyamaza."

"Ulidhani ni wewe, ukaniacha mimi nikae kule."

"Ndiyo."

Ghislaine alimtazama usoni mpaka yeye akashindwa kumtazama. "Haya," alisema. "Angalau umelisema kwa mdomo wako." Aliweka kisu cha tano kwenye kitambaa. Cha sita alikigeuza, akakiona kina alama ya mgahawa kwenye mpini, akakirudisha kwenye droo. Kisha akakunja kitambaa, akakifunga kwa kamba yake.

"Utarudi lini?" aliuliza Verchère. Sasa mikono yake ilikuwa imeshuka.

"Sijui kama nitarudi."

"Miaka ishirini na miwili, Ghislaine!"

"Na siku mbili," alisema. Akambusu mashavuni mwanamke mmoja aliyekuwa akimenya vitunguu, akatoka.

Verchère alibaki amesimama mbele ya meza tupu. Baadaye alichukua aproni iliyokuwa ikining'inia, akajifunga yeye mwenyewe, na akaanza kutafuta kijiko cha kuonjea bila kujua kilikuwa kinawekwa wapi.

Nje, taa za kando ya mto zilikuwa zimewaka ndani ya ukungu. Maryse alifungua mlango wa gari. "Tukufikishe nyumbani, Madame."

"Asante, nitatembea. Kule mahabusu ukipiga hatua nne umefika ukutani." Ghislaine alilipachika furushi lake kwapani, akavuka barabara, akapanda darajani. Hakutembea haraka.

Perrachon alimsindikiza kwa macho mpaka taa ya pili. "Afande," alisema, "yule mama anakatiza mjini na visu vitano kwapani."

"Mwache aende," alisema Maryse, akaingia garini.